Sensa Katika Sufuria ya Bi Stamena

Mlango wa nyumba ya akina Gunev haukuwa na tangazo la msiba. Inspekta Blagoi Tsekov aliliona hilo kabla hajazima gari. Hapa Sinyovets mtu akifariki, karatasi yenye picha yake na msalaba juu hubandikwa mlangoni hata kabla jeneza halijapatikana. Desko Gunev alikuwa mochwari tangu juzi, na mlango wa mama yake ulikuwa mtupu.

"Labda wameishiwa gundi," alisema Zornitsa Palova, akishuka na sanduku lake la vifaa. Alikuwa mhandisi wa magari wa polisi wa mkoa, mwanamke mfupi mwenye ulimi usio na breki.

"Gundi ipo. Mama hajui abandike yenye msalaba au isiyo na msalaba."

Padri Evtimi alikwisha kusema bila kumung'unya maneno: aliyejiua haimbiwi kanisani. Mazishi yalikuwa kesho. Padri alikuwa amempa inspekta mpaka jioni amletee neno, na neno lenyewe lilikuwa moja kati ya mawili, amejiua au amekufa kwa ajali. Sajini wa kituo cha hapa alishachagua lake.

Tuseme ukweli, sajini hakuwa mjinga. Alikuta mtu amekaa kwenye kiti cha dereva, amekufa, ndani ya gereji ndogo ya uani. Aliambiwa na jirani kwamba milango ilikuwa imefungwa na tambara limesokomezwa chini yake. Ufunguo ulikuwa umewashwa na tangi limekauka petroli. Mke wa marehemu alihamia Uhispania na watoto tangu kiangazi, na kiwandani walishampunguza kazi. Juu ya yote, boneti ilikuwa wazi, na soketi ya sensa ya joto la maji ya injini ilikuwa imechomolewa, inaning'inia.

"Marehemu alikuwa anajua magari," sajini alimwambia Tsekov kwa simu. "Ukiichomoa hiyo, injini inadhani iko kwenye barafu. Inakunywa petroli kama mlevi, na moshi wake unakuwa sumu tupu. Huyu hakutaka kukosea, bosi."

Hapo ndipo kesi yote ilipokaa, kwenye kidude kisichozidi kidole gumba. Kama sensa ilikuwa nzima, hapakuwa na sababu ya kuichomoa ila ile ya sajini. Kama ilikuwa mbovu, basi Desko alikuwa kazini, anatafuta ugonjwa wa gari lake.

Aliyewapokea uani alikuwa Metodi, jirani wa ukuta kwa ukuta, mstaafu wa reli mwenye masharubu ya kijivu. Ndiye aliyemkuta Desko. Alishika mabati mawili ya mlango wa gereji akayavuta kuelekea nje, yakakwangua theluji, kisha akajipiga ishara ya msalaba na kubaki nje.

Gari lilikuwa limeingizwa kinyumenyume, bomba la moshi likielekea ukuta wa nyuma, boneti ikitazama mlango. Boneti bado ilikuwa imeinuliwa, na kwa jinsi ilivyosimama iliziba kioo chote cha mbele. Kando yake palikuwa na mapipa mawili ya plastiki yaliyojaa kabichi za chumvi, na nyuma, karibu na bomba la moshi, mpira mrefu wa maji.

"Huo mpira umepigwa picha sita," alisema Tsekov. "Wanaupenda sana kituoni."

Zornitsa aliuokota, akanusa mdomo wake mmoja, akanusa wa pili, akamsogezea Tsekov puani bila kumwomba ruhusa.

"Kabichi," alisema Tsekov.

"Kabichi pande zote mbili. Ungekuwa umefungwa kwenye bomba la moshi ungekuwa mweusi ndani."

"Ni wa kupulizia mapipa, dada," alisema Metodi kutoka nje. "Kila asubuhi. Usipopuliza, chumvi inalala chini na kabichi za juu zinateleza. Sasa niambie, mtu anayetaka kufa anahangaika na kabichi?"

"Watu hufanya mengi asubuhi ya mwisho, Metodi," alisema Tsekov. "Padri hatanielewa nikimletea kabichi."

Zornitsa alikwisha kuliunganishia gari betri yake mwenyewe na kuchomeka mashine ya kusomea hitilafu. Soketi ikiwa imechomolewa, mashine ilionyesha arobaini chini ya sifuri. Alikata kipande cha waya, akakikunja, akakiunganisha kwenye matundu mawili ya soketi. Namba iliruka hadi mia moja na arobaini.

"Nyaya ziko sawa," alisema. "Kontrol boksi, ubongo wa injini, iko sawa. Nimeikatia njia, ikaona baridi kuu. Nimeiunganishia, ikaona moto mkuu. Amebaki mtuhumiwa mmoja."

Akairudisha soketi kwenye sensa, akabonyeza mpaka ikalia. Wote wawili wakainamia kioo.

Nyuzi tatu. Tsekov aliinua macho ukutani, kwenye kipimajoto cha zamani kilichoning'inia juu ya mapipa. Nacho kilisema tatu.

"Mkuu," alisema Zornitsa, na kwa mara ya kwanza tangu asubuhi sauti yake ilikuwa ndogo. "Sensa inasema kweli. Ni nzima."

Metodi alivua kofia yake ya manyoya akaikamata kwa mikono miwili. Hakuna aliyemtazama mwenzake. Tsekov alimfikiria padri kijana aliyekuwa akingoja, na mama aliyekuwa nyuma ya pazia la jikoni akiwaangalia wote, na roho ikamuuma kwelikweli.

"Metodi," aliita Zornitsa ghafla. "Hili gari lilikuwa linasumbua?"

"Kusumbua tu? Lilikuwa limemchosha. Karibu alichome moto."

"Linasumbua vipi? Asubuhi linagoma kuwaka?"

"Hapana, asubuhi ni malaika. Unagusa tu, linawaka. Ukishatembea nalo, likipata moto, ndipo linaanza kukohoa. Moshi mweusi, halafu linazima katikati ya njia. Analiacha lipoe, linawaka tena kama halikufanya kitu. Alilipeleka kwa mafundi mjini, walipopima wakamwambia gari zima, mzee, rudi nyumbani. Desko akasema nitalikamata mwenyewe."

Zornitsa aliitazama sensa. Kisha akachukua spana.

"Ni nzima kwenye baridi," alisema. "Nahitaji jiko."

* * *

Bi Stamena Guneva aliwafungulia jikoni kabla hawajabisha. Alikuwa mwembamba, kajifunga leso nyeusi, na macho yake yalikuwa makavu kwa sababu machozi yalikwisha jana.

"Subirini nivae sikio," alisema, akatoa kabatini kifaa chake cha kusikia. "Tukiwa wawili na Desko silivai mpaka mgeni aje. Linapiga mluzi kichwani. Haya, sema, mwanangu."

"Tunaomba sufuria, mama," alisema Tsekov. "Na kitu cha kupimia joto la maji."

Alileta kipimajoto anachotumia kwa maziwa ya mtindi. Sufuria aliitoa juu ya jiko la kuni, akamwaga maji yaliyokuwamo, na ngano iliyokwisha kuloanishwa akaihamishia kwenye bakuli.

"Hii ni ya ngano ya msiba, ya kugawia wazikaji," alisema. "Itumieni tu. Bado sijui kama nina ruhusa ya kuichemsha."

Zornitsa aling'iniza sensa kwa uzi, kichwa chake cha shaba ndani ya maji baridi, miguu yake ya umeme juu, akaibana kwa nyaya za mita yake ya kupimia umeme. Alimweleza mama kila alichokifanya, taratibu, kama mtu anayefundisha mapishi.

"Maji yakiwa baridi, namba hii inakuwa kubwa. Yakipata moto, inashuka. Ikishuka polepole mpaka maji yachemke, sensa haina kosa, nami nitafunga sanduku langu niende."

"Na isiposhuka?"

"Tutaona, mama."

Namba ilianzia juu ya elfu tatu na kuanza kushuka. Kuni zililia jikoni. Elfu mbili, elfu moja na nusu. Metodi alikuwa amesimama mlangoni, theluji ikiyeyuka kwenye viatu vyake, na Bi Stamena hakumgombeza. Maji yalipofika nyuzi sitini namba ilikuwa mia sita, sawasawa na inavyotakiwa. Zornitsa aliuma mdomo. Nyuzi sitini na tano. Sabini. Namba iliendelea kushuka kwa adabu, na Tsekov akaanza kutafuta kichwani maneno ya kumwambia mama huyu.

Mita ikalia mlio mfupi. Namba ikatoweka, kioo kikabaki na alama moja tu, ile inayosema umeme hauna pa kupita.

"Umegusa waya," alisema Tsekov.

"Sijagusa kitu."

Alifungua dirisha, akaifukia sensa kwenye theluji ya kizingiti, akahesabu pumzi kadhaa. Namba ikarudi, kubwa na safi. Akaitumbukiza tena kwenye maji ya moto. Ikashuka, ikashuka, ikakata. Alirudia mara ya tatu kwa ajili ya inspekta, na mara ya nne kwa ajili ya Metodi aliyekuwa amesogea mpaka akawa karibu kuinusa sufuria.

"Ndani yake kuna waya umevunjika," alisema Zornitsa. "Kwenye baridi ncha zake zinagusana, inajifanya nzima. Joto likiipanua, zinaachana. Hapo kontrol boksi inaona baridi ya kuua, inamimina petroli kwenye injini ambayo tayari ni ya moto. Ndiyo maana linakohoa, ndiyo maana moshi mweusi. Na mafundi wa mjini walilipima likiwa limepoa, wakaona sawa, kama mimi leo."

"Na Desko?" aliuliza Tsekov.

"Desko alikuwa amewazidi. Ugonjwa huu haukamatwi gari likiwa baridi. Lazima uliwashe, ukae, usubiri lipate moto. Ndiyo maana liliwaka muda mrefu. Lilipoanza kukohoa, akashuka akachomoa soketi, akarudi kitini kuangalia kama kutatokea mabadiliko. Hayakutokea, kwa sababu sensa ilikuwa imeshajikata yenyewe. Alikuwa ameshaupata ugonjwa, mkuu. Alikuwa sahihi. Ila humo ndani moshi nao ulikuwa umeshafanya kazi yake."

Bi Stamena alisikiliza hadi mwisho.

"Wanawe wanakuja Krismasi," alisema. "Alisema hawezi kwenda kuwapokea uwanja wa ndege kwa gari linalozima njiani. Nilimwambia yule sajini. Hakuandika."

"Leo imesikika, mama," alisema Tsekov.

"Basi nimwambie Metodi abandike tangazo?"

Tsekov alitaka sana kusema ndiyo. Lakini alikuwa mpelelezi kwa miaka mingi, na Padri Evtimi hakuwa mtu wa kudanganywa kwa nusu ya habari. Mtu anayepima injini huacha mlango wazi. Desko, aliyejua magari kiasi hicho, angejizibia vipi kwa tambara?

"Umebaki mlango, mama. Nipe muda kidogo."

* * *

Nje, jua la theluji lilikuwa limetoka, lisilo na joto lolote. Tsekov alimwita Metodi mbele ya gereji, akayarudisha mabati mawili mpaka yakakutana.

"Nionyeshe ulivyofanya juzi. Usiniambie. Nionyeshe."

"Niliona moshi unatokea kwenye upenyo wa paa, pale. Nikaruka ukuta, na goti langu hili, nikaja mbio. Nikapiga tambara teke, nikavuta mlango, nikamwona..."

"Rudi nyuma. Ulipiga nini teke?"

"Tambara. Blanketi lile la zamani. Lilikuwa limeganda na theluji, linazuia mlango usifunguke."

"Ulilipiga teke kwanza, halafu ndipo ukavuta?"

"Sasa ningevutaje? Mlango unafunguka huku nje, si unaona?"

Alipokwisha kusema hivyo alibaki mdomo wazi. Zornitsa alikuwa amekwisha kuelewa. Aliliokota blanketi kwenye rundo la kuni, gumu kama ubao, akaliangusha miguuni pa inspekta.

"Lilikuwa nje," alisema. "Aliyekaa ndani hawezi kuziba mlango kwa nje. Kuna mtu alimfungia."

Neno hilo lilibadilisha hewa ya ua mzima. Tsekov akamgeukia jirani.

"Nani huingia humu, Metodi?"

"Unaniangalia mimi?"

"Nakuuliza."

"Mimi nimemfundisha yule mtoto kuendesha baiskeli! Huingia mpeleka barua, huingia paka. Nani amfungie Desko? Hakuwa na ugomvi hata na kuku."

"Mlikuwa na ugomvi wa ukuta. Nimesoma kwenye faili la kituo."

"Ukuta wa miaka tisa iliyopita, inspekta. Tulikunywa rakia tukaumaliza." Metodi alinyoosha kidole kuelekea ukuta wenyewe. "Ningetaka afe ningeruka ukuta kumtoa?"

Tsekov alichuchumaa akaanza kulisukuma blanketi chini ya mlango kwa nje, apime kama lingekaa lenyewe au lilihitaji mkono wa mtu.

"Siyo hivyo, mwanangu. Hapo umeacha upenyo."

Bi Stamena alikuwa amewafuata, kajitanda shali. Alimsogeza inspekta kwa mkono, kama anavyosogezwa mtoto kwenye meko, akapiga magoti juu ya theluji.

"Linakunjwa mara mbili. Halafu unaanzia kona hii, penye tundu, unasukuma na kiganja. Hivi. La sivyo baridi inaingia usiku mmoja tu, mapipa yanaganda, kabichi zote zimekwenda." Alilipapasa blanketi likakaa vizuri. "Kila mwaka namwambia Desko funga mlango, kila mwaka anauacha wazi. Basi naliweka mwenyewe."

Zornitsa aligeuza uso. Tsekov alitamani asiulize. Lakini aliuliza, kwa sababu hiyo ndiyo kazi aliyoajiriwa kuifanya.

"Na juzi, mama?"

"Juzi pia. Nilitoka kumwaga majivu nikaona mlango uko wazi, bati moja linapigwapigwa na upepo. Nikarudisha, nikaziba."

"Hukumwona Desko?"

"Hakuwepo. Boneti ilikuwa juu, hapakuwa na mtu. Alikuwa kwa Metodi, kaenda kuazima spana, kama kawaida yake. Baadaye ndipo alirudi akajifungia humo, sijui alipitaje."

"Juzi hakuja kwangu, Mama Desko," alisema Metodi.

Alilisema kabla hajafikiri. Alipofikiri, alifunika mdomo kwa kofia, lakini lilikuwa limeshatoka.

Bi Stamena alibaki amepiga magoti, kiganja chake juu ya blanketi. Alitazama mlango. Akamtazama Metodi, kisha boneti ambayo sasa haikuonekana nyuma ya bati, kama vile angeweza kuona kupitia bati hilo mtu aliyekaa upande wa pili wake.

"Injini ilikuwa inawaka?" aliuliza. "Binti, wewe unajua. Nilipofunga, ilikuwa inawaka?"

"Mama..."

"Sikuwa na sikio. Niambie."

"Ilikuwa inawaka," alisema Zornitsa, na machozi yakamshuka bila yeye kuyafuta. "Ukichomoa ile soketi feni nayo inavuma muda wote. Hata yeye asingekusikia. Kioo kilikuwa kimezibwa, hakukuona. Hakuna aliyemwona mwenzake."

Tsekov alimshika mikono akamwinua. Magoti ya mama yalikuwa yamelowa, na alikuwa mwepesi mno.

"Nisikilize," alisema. "Nakwenda kwa padri sasa hivi. Nitamwambia ni ajali, nitamweleza habari za sensa. Inatosha. Ataimba."

"Atauliza nani alifunga mlango."

"Nitasema upepo."

"Upepo unakunja blanketi mara mbili?" Alimtazama kwa macho makavu. "Evtimi namjua tangu akivaa kaptula. Ukibabaika kidogo tu atasema ngoja nimuulize askofu, na kesho mwanangu atashushwa kimya kimya kama mbwa. Mwambie ni mimi. Sema mama yake alifunga, hakujua. Sema wazi, na hawa wawili wakiwa mashahidi."

"Mji mzima utajua, mama."

"Wajue. Asiimbiwe kwa uongo."

Metodi alikuwa akilia waziwazi sasa, ameegemea ukuta wake. Tsekov alikubali kwa kichwa. Alikuwa ameshika funguo za gari na hakuweza kuondoka.

"Na mimi?" aliuliza Bi Stamena. "Ukishamaliza kwa padri, mtanipeleka wapi?"

"Hupelekwi popote."

"Kituoni?"

"Hapana, mama. Hukujua. Hakuna kesi, hakuna hakimu. Sheria haina la kukufanya."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo."

Alisimama akiyatafakari maneno hayo. Inspekta alikuwa ameyasema kwa wema, na alingoja ayaone yakimpunguzia japo kidogo. Bi Stamena alitazama nyumba yake, dirisha la jikoni, ngazi, kamba ya nguo yenye shati moja la kiume lililoganda.

"Kwa hiyo nitakaa hapa tu," alisema.